Sura ya 7: Jina Lililowekwa Akiba

Vyuo vikuu vinane vya kaskazini-mashariki mwa Marekani, vile vinavyojulikana kwa jina la Ivy League, hutoa majibu yao pamoja jioni moja ya mwishoni mwa Machi. Kwa kawaida huwa saa 1 usiku kwa saa za huko, na kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hiyo ni saa 8 usiku. Kila mwaka, usiku huo, zipo nyumba kadhaa za Afrika Mashariki ambako taa haizimwi. Kijana kashika simu, bando limenunuliwa tangu mchana, mama anajifanya amelala. Wengi watasoma hapana. Wachache mno watasoma ndiyo. Kundi la tatu, ambalo ndilo ninaloliandikia sura hii, litasoma barua yenye sifa na pole kwa pamoja: kamati imevutiwa na maombi yako, nafasi hazikutosha, jina lako limewekwa kwenye orodha ya kusubiri.

Kukicha watu wataanza kuuliza. Aliyekataliwa ana jibu la kuwapa, hata kama ni chungu. Aliyekubaliwa analo pia. Wewe huna. Ukisema "bado", mjomba ataelewa kwamba majibu hayajatoka na atauliza tena Jumapili. Ukijaribu kueleza, shangazi atakukatiza kwamba subira huvuta heri, kisha atawatangazia wenzake wa kikoba kuwa mtoto wetu anakwenda Marekani, zimebaki taratibu tu.

Shangazi ana nia njema, lakini hapa methali yake haifanyi kazi. Orodha ya kusubiri haisogei kwa sababu wewe umesubiri vizuri. Husogea au husimama kwa hesabu zinazopigwa mbali nawe, na kwa sababu ambazo nyingi hazikuhusu. Anayezifahamu hesabu hizo huumia kidogo kuliko asiyezifahamu, kwa hiyo tuanze nazo.

Kamati ya harusi ikitaka watu 300 ukumbini haigawi kadi 300. Inajua kuna watakaosafiri, watakaougua, na watakaochukua kadi kwa heshima tu, hivyo hugawa kadi nyingi zaidi na kuweka pembeni majina ya kujazia siku zikikaribia. Chuo kikuu cha Marekani hufanya vivyo hivyo. Mwombaji mmoja huomba vyuo vingi, anaweza kukubaliwa na vitano, na atakwenda kimoja tu. Ofisi ya udahili hulazimika kukisia ni wangapi kati ya iliowakubali watakuja kweli. Harvard, katika kila kumi inaowakubali, zaidi ya wanane huja. Vyuo vingi vyenye jina havifikii hata nusu. Ofisi ikikosea kwa juu, mabweni yanafurika. Ikikosea kwa chini, vitanda vinabaki vitupu na ada haiingii. Orodha ya kusubiri ipo ili kusahihisha kosa la chini. Ni chombo cha chuo cha kujikinga, na anayelipia kinga hiyo kwa miezi yake ni kijana aliyeandikwa humo.

Zamani hesabu hii ilikuwa rahisi kidogo. Fomu ya pamoja ya maombi, Common Application, ilianza mwaka 1975 na vyuo 15. Leo ina zaidi ya 1,000, na mwombaji mmoja anaweza kuitumia kuomba hadi vyuo 20. Kuongeza chuo kimoja zaidi ni suala la kubofya na kuandika insha fupi mbili tatu. Kisha janga la korona likaja, vyuo vingi vikaacha kudai alama za mtihani wa SAT, na maombi yakafurika. Mwaka 2021 Harvard ilipokea maombi 57,435 na kukubali watu 1,968. Kadiri kila mwombaji anavyoomba vyuo vingi, ndivyo kila chuo kinavyozidi kutojua nani atakuja, na ndivyo orodha za kusubiri zinavyorefuka. Chuo Kikuu cha Michigan kimewahi kuwapa watu zaidi ya elfu kumi nafasi kwenye orodha yake kwa mwaka mmoja, idadi inayozidi darasa zima la mwaka wa kwanza linaloingia pale.

Elfu kumi. Ukiusoma ule mstari wa "tumevutiwa sana na maombi yako", ikumbuke namba hiyo.

Ipo sababu nyingine ambayo vyuo havipendi kuitaja. Orodha ya kusubiri ni njia ya adabu ya kumkataa mtu ambaye chuo hakitaki kumuudhi: mtoto wa mhitimu wa zamani, mtoto wa mfadhili, mwanafunzi wa shule ambayo kila mwaka huleta waombaji wazuri. Washauri wa shule za Marekani wanaujua mchezo huo na wameuzoea. Katika kesi iliyofunguliwa dhidi ya Harvard mwaka 2014 na kusikilizwa Boston Oktoba 2018, nyaraka za chuo zilifichua kikundi kidogo kiitwacho "Z-list". Ni wanafunzi kama 50 au 60 kwa mwaka, wanaokubaliwa kwa sharti la kungoja mwaka mmoja kabla ya kuingia. Karibu nusu yao walikuwa watoto wa waliosoma Harvard. Kijana wa Singida au Kakamega hana mtu wa kumwingiza kwa mlango huo, na sioni sababu ya kumficha kwamba upo.

Nani basi huitwa kutoka kwenye orodha? Wengi hudhani kuna foleni, kwamba yupo wa kwanza, wa pili na wa mia mbili. Vyuo vingi havina foleni ya namna hiyo. Ikifika Mei, ofisi hutazama darasa lililopatikana na kuuliza limepungukiwa nini. Pengine wasichana wa uhandisi ni wachache kuliko ilivyotarajiwa, pengine mpiga zumari wa okestra amekwenda Yale, pengine hakuna hata mmoja kutoka Montana. Anatafutwa wa kuziba pengo hilo hasa. Wewe mwenye kemia ya kutisha utabaki pale pale kwa sababu mwaka huu wanakemia wametosha.

Hili lina ushahidi. Mwaka 2023 wanauchumi watatu, Raj Chetty, David Deming na John Friedman, walitoa utafiti mkubwa kuhusu vyuo 12: vile vinane vya Ivy League pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago. Walitaka kujua kama kusoma huko kunabadilisha maisha, na ili kulinganisha watu wanaolingana kweli, wakawachukua waliowekwa kwenye orodha za kusubiri, walioitwa na wasioitwa. Njiani wakagundua jambo ambalo lingefaa kubandikwa ukutani kwa kila mwombaji. Kuitwa kutoka kwenye orodha ya chuo kimoja hakukuonyesha lolote kuhusu kukubaliwa kwenye vyuo vingine vya kundi hilo. Kama walioitwa wangekuwa bora kuliko walioachwa, vyuo vingine navyo vingeuona ubora huo. Havikuuona. Aliyeitwa na aliyeachwa walikuwa watu wa kiwango kimoja, na kilichowatenganisha ni mahitaji ya chuo kimoja katika wiki moja ya Mei.

Kwa hiyo yule kijana anayelala akijiuliza ni sentensi gani ya insha yake iliyomponza anapoteza usingizi bure. Hakuna sentensi.

Tuje kwenye uwezekano. Chama cha kitaifa cha washauri wa udahili cha Marekani, NACAC, kiliripoti mwaka 2019 kwamba kwa wastani vyuo huchukua mtu mmoja katika kila watano wanaokubali kubaki kwenye orodha. Ukitazama vyuo vinavyokubali chini ya nusu ya waombaji pekee, wastani unashuka hadi asilimia 7. Vyuo unavyoviota wewe viko chini zaidi ya hapo, na havitabiriki. Princeton mwaka 2021 ilichukua watu 150 kutoka kwenye orodha yake. Mwaka uliofuata haikuchukua hata mmoja. Takwimu za vyuo vingi hupatikana bure katika waraka wa kila mwaka uitwao Common Data Set, kipengele C2: waliopewa nafasi ya kusubiri, waliokubali kusubiri, walioitwa. Tazama miaka mitano mfululizo. Ukiona sifuri mbili, umeshapata habari.

Na bado hatujagusa fedha, ambayo kwa msomaji wangu ndiyo habari yenyewe.

Mwaka mmoja katika chuo binafsi chenye jina nchini Marekani, ada na malazi na chakula, ni zaidi ya dola 80,000. Familia nyingi za kwetu haziwezi kulipa hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho, kwa hiyo mwanafunzi wetu huenda kwa ufadhili kamili au haendi. Vipo vyuo vichache visivyotazama mfuko wa mwombaji wa kigeni wakati wa kuamua: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst kwa miaka mingi, Dartmouth na Bowdoin tangu 2022, na Brown hivi karibuni. Vingine karibu vyote humtazama mgeni pamoja na bei yake. Ikifika Mei, fungu la ufadhili kwa wageni aghalabu limeshagawiwa kwa waliokubaliwa Machi. Chuo kinachotafuta watu kumi wa kujazia viti, huku sanduku la ufadhili likiwa limebaki chenji, kitampigia nani? Kitampigia anayeweza kulipa. Hata baadhi ya vyuo visivyotazama mfuko mwezi Machi hubadili kanuni vinapofika kwenye orodha ya kusubiri, na huandika hivyo kwenye tovuti zao kwa maneno machache yanayopitwa kirahisi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwanafunzi anayehitaji ufadhili kamili ni mkali kuliko ule utakaoupata kwenye vitabu vya Wamarekani. Wao hukuambia utumaini kwa kiasi. Mimi nasema ichukulie barua ile kuwa hapana iliyoandikwa kwa upole. Ukiitwa, utakuwa umeokota. Usipoitwa, hukudaiwa kitu. Wapo watakaosema nakatisha vijana tamaa. Nimeona tamaa ikikatishwa na mambo mengi, lakini ile inayokatika Agosti, baada ya kijana kuacha nafasi ya chuo cha nyumbani akingoja simu, ndiyo inayochukua muda mrefu kupona.

Kuichukulia barua kuwa hapana hakukuzuii kufanya yaliyo katika uwezo wako, na hayo hayazidi siku mbili za kazi.

Kwanza ingia kwenye akaunti yako ya mwombaji uthibitishe kwamba unataka kubaki kwenye orodha. Chuo hakikuweki humo chenyewe ukinyamaza, na hupaswi kulipa chochote. Anayekudai pesa ili "akusukumie jina" ni tapeli, awe Nairobi au mtandaoni. Kisha andika barua moja, isiyozidi ukurasa, ya kuwaambia bado una nia. Kama una hakika utakwenda wakikuita na ufadhili ukitosha, sema hivyo kwa maneno hayohayo, kwa sababu ofisi inayoziba mapengo ya Mei haitaki kuhangaika na mtu atakayeikataa. Usiseme hivyo kwa vyuo viwili. Weka habari mpya iliyotokea tangu Januari. Usirudie insha, usitume cheti cha usafi wa darasa, na usimwombe mbunge wenu akuandikie.

Katika suala la habari mpya, Mkenya na Mtanzania hawako sawa. Mkenya aliyefanya KCSE Novemba ana matokeo yake tangu Januari, na kama hayakuwahi kuingia kwenye maombi ya awali, hapo ndipo pa kuyaweka. Mtanzania wa Kidato cha Sita ndiyo kwanza anaingia kwenye mitihani Mei, na matokeo hutoka Julai, wakati orodha nyingi zimeshafungwa. Afanye nini basi? Atume alama za mtihani wa majaribio, zikiwa na barua ya mkuu wa shule, kisha arudi kusoma. Hakuna barua ya kuonyesha nia inayofaa kumgharimu mtu daraja la kwanza, kwa sababu daraja la kwanza litamfungulia milango mingine kumi, na orodha ile huenda isifungue wowote.

Jambo la pili lina tarehe. Kwa desturi ya vyuo vya Marekani, tarehe 1 Mei ndiyo siku ya mwisho ya kukubali nafasi uliyopewa. Kwetu hiyo ni Mei Mosi, sikukuu ya wafanyakazi, na benki zimefungwa. Saa sita za usiku wa kule, siku inapokwisha, ni asubuhi ya tarehe 2 kwetu, lakini usijipe matumaini na hesabu hizo. Kama kuna chuo kilichokukubali na kukupa fedha, kikubali katika wiki ya mwisho ya Aprili, ukiwa na akili tulivu na mtandao unaofanya kazi. Mara nyingi hutakiwa kulipa mamia machache ya dola kushikilia nafasi. Mwenye ufadhili kamili aandike kuomba asamehewe malipo hayo, na wengi husamehewa. Kushikilia nafasi mahali huku jina likiwa kwenye orodha ya kusubiri kwingine kunaruhusiwa, na kila ofisi inajua hufanyika. Kinachokatazwa ni kulipia nafasi vyuo viwili.

Na kama hakuna chuo cha Marekani kilichokukubali, tarehe zako ziko nyumbani. KUCCPS wanaopanga nafasi za vyuo Kenya wana ratiba yao, TCU ya Tanzania wana dirisha lao la udahili baada ya matokeo ya Julai, Bodi ya Mikopo ina fomu zake, na hakuna kati yao atakayeahirisha chochote kwa sababu wewe unangoja barua kutoka Connecticut. Omba vyote. Ukiitwa Marekani utaacha nafasi ya Muhimbili kwa barua ya mistari mitatu, na mtu mwingine ataichukua kwa furaha. Usipoitwa, utakuwa mwanafunzi wa udaktari.

Sasa tuzungumze kuhusu kungoja kwenyewe, maana ukishafanya yote hayo bado ni Aprili tu.

Kate Sweeny, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, amekuwa akichunguza watu wanaosubiri habari wasizoweza kuziathiri. Mojawapo ya makundi yake lilikuwa wahitimu wa sheria wa California, ambao baada ya mtihani wa uwakili hukaa miezi minne bila kujua. Katika utafiti uliochapishwa 2016, yeye na wenzake waliwauliza watu hao mara kwa mara walikuwa wanajitulizaje. Walijaribu kila kitu: kujisemesha maneno ya matumaini, kujiandaa kwa mabaya, kujifanya mtihani haukuwa na maana. Karibu hakuna kilichopunguza wasiwasi. Wale waliokuwa na wasiwasi mwingi na kutarajia mabaya walikuja kuyapokea matokeo vizuri zaidi: walioshindwa walistahimili, waliofaulu walifurahi zaidi. Wale ambao hawakuteseka sana wakisubiri ndio walioanguka vibaya walipofeli.

Naupenda utafiti huu kwa sababu unamwondolea kijana mzigo wa pili. Mzigo wa kwanza ni kungoja, na wa pili ni kuambiwa na kila mtu kwamba anangoja vibaya. Hakuna anayengoja vizuri. Kuamka usiku kuangalia barua pepe hakumaanishi imani yako ni haba.

Utafiti wa baadaye wa kundi hilohilo ulipata kitu kimoja kilichosaidia kiasi: kazi inayommeza mtu, ile ambayo ukiinua kichwa unakuta saa mbili zimepita. Runinga haitoshi, akili inaiacha na kurudi kwenye orodha. Inatakiwa kazi yenye ugumu unaolingana na uwezo wako na inayokuonyesha papo hapo kama umepatia au umekosea. Kwa Mtanzania wa Kidato cha Sita kazi hiyo ipo mezani tayari, maswali ya fizikia ya miaka iliyopita. Kwa Mkenya aliyemaliza Novemba na kukaa nyumbani tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa siku zake hazina ratiba. Atafute mahali pa kufundisha, duka la kuhesabu mali, kozi ya programu za kompyuta, bao la kwelikweli na wazee wanaojua. Na aondoe arifa za barua pepe kwenye simu. Chuo kikikuita kitapiga simu au kitaandika, na barua iliyosomwa saa 12 jioni ina thamani ileile ya iliyosomwa saa 4 asubuhi.

Kuhusu jamaa, mpe mtu mmoja kazi ya kuwajibu. Mama au kaka mkubwa awaambie wote maneno haya: "Hakupata chuo kile, anaangalia vingine." Ni kweli kwa kiasi cha kutosha na inafunga mjadala. Ukiwaeleza wajomba asilimia, wao watasikia tumaini, na harambee itaanza kupangwa kabla ya barua. Nawaomba wazazi nao jambo moja. Mtoto aliyewekwa kwenye orodha ya chuo kinachokataa zaidi ya tisa katika kila kumi hakufeli, ila pia hajafaulu. Msimpongeze wala msimpe pole kila siku. Mwulizeni amekula.

Swali linalobaki ni kama kukosa kunaharibu maisha. Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha mwaka 2002 utafiti uliowafariji wengi: wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vya kuchagua sana wakaenda vya kawaida walikuja kupata kipato sawa na waliokwenda. Wafariji husahau kutaja kwamba waliotoka familia maskini walikuwa tofauti. Kwao chuo kikubwa kilileta faida. Utafiti wa Chetty na wenzake, ule wa orodha za kusubiri, ulilinganisha kwenda kwenye vile 12 na kwenda vyuo vikuu vikubwa vya umma vya majimbo. Kipato cha wastani hakikubadilika kwa kiasi cha maana. Lakini nafasi ya kufika katika asilimia 1 ya juu ya wenye kipato iliongezeka kwa karibu nusu, na nafasi ya kufanya kazi kwenye makampuni yenye jina ikawa mara tatu. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba ni sawa tu. Kuna kitu kinakosekana. Tafiti hizo, hata hivyo, ziliwahusu watu wa Marekani na soko lao la kazi. Kwa anayetaka kuwa daktari wa watoto Mwanza, au mhandisi wa barabara Turkana, hazina la kusema, na jina la chuo cha Massachusetts halitamfupishia mafunzo ya kazi hata kwa wiki moja.

Na mwombaji anaweza kuomba upya mwaka unaofuata. Vyuo haviweki kinyongo. Ila usirudishe maombi yaleyale; rudi na mwaka wenye kitu ndani yake, na utazame mbali zaidi ya majina manane. KenSAP, programu ya Kenya iliyoanzishwa 2004, imekuwa ikiwapeleka vijana wa Kenya kwenye vyuo vya Marekani, na vingi kati ya vyuo hivyo shangazi hajawahi kuvisikia, lakini vililipa kila senti.

Simu ikipigwa, itapigwa Mei au Juni, pengine wakati kijana wa Tanzania yuko kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambako simu si kitu cha kushika muda wote. Acha namba ya mzazi kwenye akaunti yako na mtu wa kuaminika wa kusoma barua pepe. Ofisa atauliza kwanza kama ungekuja wakikukubali, kwa sababu hataki ndiyo yake ipotee bure. Kisha atakupa muda mfupi wa kuamua, wakati mwingine siku mbili au tatu. Baada ya hapo kuna fomu ya I-20 ambayo chuo hutoa kwa ajili ya viza, ada ya SEVIS ya dola 350, ada ya viza ya dola 185, na miadi ya ubalozi ambayo huenda isipatikane kabla ya Agosti. Mwishoni mwa Mei 2025 balozi za Marekani duniani kote zilisitisha kupanga miadi mipya ya viza za wanafunzi kwa takribani wiki tatu, na mwezi uliofuata waombaji wa Burundi wakafungiwa viza hizo kabisa. Aliyeitwa kutoka kwenye orodha wakati huo alikuwa na barua mkononi na hana pa kuipeleka.

Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo kwenye simu hiyo, uliza mambo matatu: ufadhili ni kiasi gani kwa miaka yote minne, I-20 itatoka lini, na kama viza ikichelewa watakuwekea nafasi hadi mwaka ujao. Omba majibu kwa maandishi. Lile la ufadhili lisipokuja kwa maandishi, washukuru, na uende kwenye chuo kilichokwisha kukukubali.